Ritifaa

Saa mbili usiku, Kiborloni. Luku imebaki yuniti nne.
Chupa ya chai iko mkono wa kushoto.
Nimeanza kuhama.

Sihami chumba. Mwenye nyumba, Mama Ndeonasia,
anasikia vitufe vikigonga ukutani kwake
na anaamini nabeti mipira.
Nahamisha maandishi yangu: kurasa mia tatu na sita,
miaka kumi na moja ya kujisemea,
kutoka mtambo uliozipanga tangu mwanzo
kwenda mtambo mwingine ambao, nimeambiwa, ni mwepesi,
unajenga kurasa zote kabla hujameza funda.

Wa zamani ulikuwa umechoka. Kila nikiugusa
ulidai kitu fulani kwanza, na kitu hicho kikadai kingine,
kama yule fundi aliyekuja kuziba bomba la jikoni
akaondoka na orodha na nauli,
bomba likabaki linavuja.

Basi. Amri moja, kitufe kimoja.
Zikavuka zote. Sekunde tatu!
Nikacheka peke yangu kama mwehu
mpaka nilipofungua ya kwanza nikaisoma.

Ng'ombe hakuwa ng'ombe.
Pale penye ritifaa, kale kamkia kanakoning'inia hewani,
mtambo ulikuwa umemwaga takataka:
alama, reli, namba, nukta mkato.
Ng'ombe wa baba mdogo, kavunjwa shingo.
Ng'arisho la mabati baada ya mvua, limezimika.
Na neno ng'ambo, neno ng'ambo lenyewe,
limeshindwa kuvuka.

Siulaumu. Haukulelewa huku.
Nani angeufundisha sauti inayopitia puani
kabla mdomo haujaamua?

Kisha viungo. Mia mbili kumi na saba vimevunjika,
ukurasa unaelekeza kwenye ukurasa, na huko hakuna mtu.
Nikampigia Aminieli.
"Viungo vimevunjika," nikamwambia.
"Vya pilau au vya mwili?"
"Vya kurasa."
Akanyamaza kidogo. "Lala, dada," akasema.

Sikulala. Umeme ukakatika saa tano,
nikaendelea kwa chaji iliyobaki,
mwanga wa kioo ukinipaka uso rangi ya maziwa.
Ndipo nikaufikia ule.

Niliuandika kwenye benchi la Mawenzi, kwa simu,
saa saba na dakika kumi, usiku wa kuamkia Jumatano,
mistari minne tu, kwa sababu wa tano haukuja:
mama ameondoka, sasa hivi, nimeshika kandambili zake.

Mtambo mpya umeandika: Jumanne. Saa nne na dakika kumi.

Lakini Jumanne saa nne mama alikuwa hai.
Alikuwa ananiuliza kama nimefunga banda la kuku,
na nilimdanganya, nikasema ndiyo.
Alisema uji una chumvi. Alimcheka nesi mwenye soksi za njano.
Saa tatu nzima, na uji, na kuku, na soksi,
zimeng'olewa kimyakimya na kitu
kinachohesabu saa za nchi nyingine.

Niliketi gizani. Chaji asilimia tisa.
Nikapekua maelezo, nikakuta dawa yake ni mstari mmoja:
uuambie mtambo unakaa majira ya wapi.
Moshi haimo kwenye orodha. Arusha haimo.
Nikaandika Dar es Salaam,
mji ambao mama hakuwahi kuukanyaga,
aliouita "kule kwa jasho",
nao ndio uliomrudishia saa zake tatu.

Nikajenga upya. Jumatano. Saa saba na dakika kumi.
Afadhali.

Ritifaa nazirudisha kwa mkono, moja moja.
Najua kuna amri ya kuzifagia zote kwa mkupuo,
Aminieli alinitumia asubuhi, sijaijibu.
Nimefika ng'ombe wa arobaini na mbili.
Jana kuku mmoja alilala nje.